Shukrani kwa dada wa treni ya Marburg

Dada uliyekaa mkabala nami kwenye treni ya kutoka Frankfurt kwenda Marburg, asante. Jina lako sikuliuliza, aibu yangu. Nilikuwa naenda kufanya mtihani wa kuingia Studienkolleg (masomo ya maandalizi kwa wageni wanaotaka chuo kikuu Ujerumani), kichwani nina sarufi tu. Ukatoa gazeti lako, ukakata kwa kalamu nusu ya mwisho ya kila neno la pili, ukaniambia nijaze. "C-Test iko hivi," yaani ile sehemu ya Kijerumani ya mtihani. Tulijaza mpaka treni ikasimama. Hesabu naziweza, ila kuandika desimali kwa mkato kama Wajerumani, 3,5 badala ya 3.5, nisingekumbuka bila wewe.

Nilipata T-Kurs, kozi ya wanaoelekea uhandisi na fani za kiufundi. Mihula miwili, baridi, fizikia kwa Kijerumani (we acha tu), na Feststellungsprüfung, mtihani wa mwisho wa Studienkolleg, nimefaulu. Sasa nasoma uhandisi. Kalamu yako ya kijani niliondoka nayo. Bado ninayo.