Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunavyowaandika Wapenzi wa Jinsia Moja Katika Hifadhi za Sanaa

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi naomba nibaki kwenye kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: kupitia upya maelezo tunayoyaandika juu ya wasanii waliopenda watu wa jinsia yao.

Katika semina zetu tuliwarudia mara nyingi Claude Cahun na Marcel Moore, wasanii wawili wa Kifaransa waliozaliwa wanawake. Kwa miaka mingi picha zao ziliorodheshwa kuwa Cahun alijipiga mwenyewe, na Moore akatajwa kama ndugu wa kambo tu. Undugu huo ni wa kweli: mwaka 1917 mama yake Moore aliolewa na baba yake Cahun. Lakini wawili hao walipendana kabla ya ndoa hiyo, wakafanya kazi pamoja na kuishi pamoja hadi Cahun alipofariki mwaka 1954. Atafutaye wapenzi kwenye orodha ya namna hiyo ataambulia ndugu. Moore, mchoraji kwa taaluma, atakuwa amepotea mara mbili, kama mpenzi na kama msanii.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. Mwanamke akimwandikia mwenzake "shoga yangu", huo ni urafiki. Neno hilohilo likiandikwa juu ya mwanamume huwa na maana nyingine, mara nyingi ya kutukana. Kwa hiyo kompyuta isiachiwe kupachika vichwa vya mada, yaani maneno yanayoeleza barua inahusu nini. Barua lazima isomwe. Homosaurus, msamiati wa kuorodhesha mada za wapenzi wa jinsia moja ulioanzia Uholanzi mwaka 1997, unatusaidia kupanga dhana, ila neno la Kiswahili tutalichagua wenyewe.

Kamati ilivutana sana kuhusu matusi ya zamani yaliyomo kwenye rekodi zetu. Wapo waliotaka yafutwe. Nilipinga kufutwa huko, na bado nakupinga. Jina alilolipa msanii kazi yake libaki lilivyo. Tusi tulilolitia sisi liondoke kwenye maelezo, lihamie kwenye historia ya rekodi pamoja na tarehe. Na aliye hai ambaye hajajitangaza, sisi tusimtangaze.

Mwanachama mmoja alituonyesha kadi ambayo neno "mpenzi" lilikatwa kwa wino mweusi, juu yake pakaandikwa "rafiki" kwa mwandiko mwingine. Kwenye kompyuta limeingia "rafiki" peke yake. Tafadhali, kadi zenu za mkono msizitupe. Zipigeni picha pande zote mbili.

Mwenyekiti