Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wenyeji wa hapa Arua na mliosafiri kutoka Nebbi, Koboko na Adjumani. Nasoma kwa Kiswahili kama ilivyo desturi yetu, maana humu wamo Walugbara, Waalur, Wakakwa, Wamadi na Wanubi, na hapana sababu ya mtu kukaa akingoja kutafsiriwa.

Mambo ya ada na hesabu mhazini atayasoma baada yangu. Kwa kifupi, hatudaiwi, ila spika zetu mbili bado mbovu. Muda wangu nautaka kwa jambo moja: kazi ya bendi yetu ya vijana na Mzee wetu wa upande wa Nebbi, mpiga adungu, kile kinubi cha Waalur.

Wengi wetu tumekua tukimsikia misibani na harusini. Vijana walimjua kwa kaseti za wazazi wao, na wazo lilitoka kwao: nyimbo zake 4 zipigwe kwa gita, besi, kinanda na ngoma, Mzee akiwa katikati. Kamati ilikubali siku ileile, bila kujua ukubwa wa kazi.

Siku ya kwanza ya mazoezi Mzee alishuka kwenye boda ameikumbatia adungu yake, imefungwa kwa kitenge. Akaketi, akaanza kukaza vigingi kimoja kimoja. Nyuzi 9. Anachuna uzi, anauimbia chini kwa chini, anakaza tena. Kijana wa kinanda akampa do ili aifuate. Mzee akasikiliza kwa adabu, kisha akaendelea na yake. Tulipopiga pamoja, masikio yalituuma.

Adungu nyingi za siku hizi, za makanisani na mashuleni, zimepangwa kwa do-re-mi ili ziende na kinanda. Ya Mzee ni ya mpango wa zamani: sauti 5 zinazojirudia kutoka uzi mnene hadi mwembamba, na yeye huzipata kwa sikio lake. Halafu ile ngozi ya ng'ombe iliyofunika mti hulegea kukiwa na unyevu na kukaza kwenye jua, hivyo kila kikao huanza na vigingi. Walikuwapo waliosema, hata ndani ya kamati, kwamba Mzee aombwe abadilishe. Nilikataa wakati ule na nakataa mbele yenu leo. Umemwendea mtu kwa kuupenda muziki wake. Ukishamfikia unamtaka auache?

Vijana waliamua wenyewe, nami nawashukuru kwa moyo wote. Kinanda kikawekwa kando. Mpiga gita akalegeza nyuzi zake zote, akazipanga upya akimsikiliza Mzee, siku baada ya siku. Wa besi akaacha gita la umeme, akajifunza adungu kubwa, ile inayokaa chini na kunguruma. Na yule wa kinanda, niliyedhani atasusa, ndiye aliyekaa karibu zaidi na Mzee, kashika manyanga, anajifunza kuitikia kwa Kialur.

Tulikusudia kurekodi Kampala. Daraja la Karuma, tunalovukia Naili kwenda Kampala, likafungwa mwezi Septemba kwa ukarabati, njia ikawa ya kuzunguka mbali, na mgongo wa Mzee hauwezi safari hiyo. Tukarekodi humu ukumbini, usiku. Katika wimbo wa tatu anasikika akicheka kidogo gita lilipomjibu sawasawa. Fundi alitaka kukifuta kicheko hicho, tukamwomba akiache.

Lipo lililoniumiza. Redio moja ilirusha wimbo ikataja bendi peke yake. Mzee aliusikia akiwa nyumbani, akamwuliza mjukuu wake kama watu wanadhani ameshakufa. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi, kwa sababu tulipeleka nyimbo kabla ya kuandikiana. Sasa tumeandikiana. Nyimbo 2 alizozitunga zina jina lake kama mtunzi. Zile 2 za msiba ni za Waalur wote, lakini namna alivyozipiga ni yake, na jina lake limeandikwa. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 humpa mtunzi haki katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa, na mpigaji naye analindwa. Nakala za mkataba ziko kwa katibu. Wenye bendi wachukue.

Jirani zetu Wamadi wanajua kwa nini nasisitiza hivi. Muziki wa kinubi chao, o'di, uliingizwa mwaka 2016 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Adungu bado ina wapigaji wengi, lakini kwa mpango huu wa Mzee mimi nawajua wachache mno, na wote wana mvi.

Mzee amekubali kupokea vijana 3 nyumbani kwake Januari, wajifunze kuanzia kuchonga mti na kuwamba ngozi. Chakula tutachanga, na nauli italipwa na chama mkiridhia leo. Mwenye mtoto au mpwa anayetaka kwenda ampe katibu jina kabla hatujaondoka.