Risala ya Timu ya Kata kwa Mgeni Rasmi, Kuelekea Mzunguko wa Pili

Mheshimiwa mgeni rasmi, Diwani wa kata yetu,
Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa,
Viongozi wa chama cha mpira wa miguu wilaya,
Wazazi, mashabiki na wachezaji wenzangu,

Assalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Michezo oyee!

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi. Turubai tulilokufungia limeondoka na upepo asubuhi hii, utuwie radhi kwa jua.

Timu yako ilimaliza mzunguko wa kwanza wa ligi ya wilaya ikiwa nafasi ya pili. Hilo ulishalisikia kwa kelele za mtaani. Ambalo pengine hukulisikia ni kwamba tunaingia mzunguko wa pili bila nahodha wetu, beki wa kati namba tano, bila mshambuliaji wetu namba tisa, bila winga wa kulia. Wote ni majeruhi.

Nahodha aliumia goti la kulia bila kuguswa na mtu. Aligeuka kumfuata winga wa wapinzani, njumu ikanasa kwenye shimo lile pale nje ya boksi, mwili ukaenda na goti likabaki. Waliokuwa karibu walisikia mlio. Shimo tumelifukia kwa kifusi, lakini mvua ikinyesha mara mbili tu litafumuka.

Huduma ya kwanza ya siku ile, Mheshimiwa, ilikuwa barafu za ubuyu. Mama mmoja anayeuza pembeni ya uwanja alizitoa zote bila kuuliza nani atalipa, tukazifunga kwenye jezi na kuziweka gotini. Zilipoyeyuka, mguu mzima ukawa mwekundu, na wapinzani wakadhani ni damu. Tulicheka baadaye, ila mama yule alitenda jambo sahihi. Jeraha bichi linataka baridi, bandeji na mguu kuinuliwa. Kuchua na kukanda kwa maji ya moto, kama wengi tulivyozoeshwa, siku za mwanzo huongeza uvimbe.

Nahodha ni dereva wa bodaboda. Breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia, kwa hiyo pikipiki amepewa mwingine, na hesabu ya kila siku sasa inapelekwa na huyo mwingine. Tunaambiwa kila siku kwamba michezo ni ajira. Katika ngazi yetu, michezo inaweza pia kukutoa kwenye ajira uliyokuwa nayo.

Baada ya hapo kila shabiki akawa kocha. Wengi walitaka kiungo wetu namba sita arudishwe nyuma kuziba pengo la nahodha. Kocha alikataa, na wale wanaokesha kibanda umiza kutazama mpira wa Ulaya wanajua alikuwa anakumbuka nini. Msimu wa 2020/21 Liverpool ya Uingereza walimpoteza beki wa kati Virgil van Dijk kwa jeraha la goti tarehe 17 Oktoba 2020, kwenye mechi na Everton. Beki mwenzake Joe Gomez akafuata mwezi Novemba, kisha beki mwingine, Joel Matip, mwishoni mwa Januari. Viungo Fabinho na Henderson wakarudishwa kucheza beki wa kati. Ukuta ukapata watu, lakini katikati pakawa wazi, na mabingwa hao watetezi wakafungwa mechi sita mfululizo za ligi nyumbani kwao Anfield. Mambo yalianza kunyooka mwezi Machi, Fabinho aliporudishwa kwenye kiungo. Nyuma wakamalizia msimu Nat Phillips na kijana Rhys Williams, ambaye msimu uliotangulia alikuwa kwa mkopo Kidderminster Harriers, timu ya daraja la sita. Liverpool walimaliza nafasi ya tatu.

Kwa hiyo namba tano wetu kwa sasa ni kijana kutoka timu B. Mechi ya kwanza alicheza kwa woga, ya pili akaanza kupiga kelele. Beki anayepiga kelele ameshaanza kuwa beki.

Namba tisa ni habari nyingine. Msuli wa nyuma ya paja ulichanika, akaanza kupona, mashabiki wakaimba jina lake, akaingia kabla ya wakati, na msuli ukachanika palepale. Sasa tena zinaanza nyimbo, na wapo wanaoshauri achomwe sindano ya kutuliza maumivu acheze. Tunaomba, Mheshimiwa, utakaposimama hapa uwaambie wewe wamwache apone kwanza, maana sisi hawatusikii.

Mazoezi nayo tumeyabadilisha. Tunaanza na FIFA 11+, programu ya kupasha mwili inayolenga kuzuia majeraha, dakika kama 20 za kukimbia, kujenga nguvu za miguu na kiuno, kuruka na kutua goti likiwa limekaa sawa. Haihitaji kifaa cha kununua. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008, kwa wasichana wanasoka wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kuwa waliofanya mazoezi hayo walipungukiwa na majeraha kwa takriban theluthi moja. Vijana wetu mwanzoni waliyaita mazoezi ya mama wajawazito. Wameacha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tumesikia kwamba ulikusudia kutusajilia mshambuliaji dirisha dogo likifunguliwa. Tunashukuru kwa moyo huo. Tunaomba fedha hiyo impeleke nahodha kwenye kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya goti, ijulikane kama ligamenti, ile kano inayoshikilia mifupa ya goti, imekatika au la, maana hadi leo anatibiwa kwa kukisia. Kama imekatika, wataalamu hushauri miezi isiyopungua 9 baada ya upasuaji kabla ya kurudi uwanjani, na sisi tutamsubiri. Kitakachobaki kitutoshee sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji na plasta. Na ukipata nafasi halmashauri, utuombee greda kwa siku moja tu, lisawazishe uwanja huu kabla ya masika.

Jezi, Mheshimiwa, zilizopo zinatosha.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na katibu wa timu, kwa niaba ya uongozi na wachezaji.