Mabawa ya moshi hayahitaji mashine ya ng'ambo

MHARIRI,

Nimesoma ukurasa wenu wa mapishi wa Jumapili, pale mwandishi wenu alipotufundisha kupika mabawa ya kuku kwa moshi nyumbani, yaliwe kwa mchuzi mweupe mzito wa kuchovya. Somo ni zuri. Lakini alipofika kwenye vifaa alituagiza jiko la umeme la kutoka ng'ambo, vipande vya mti wa hickory vya pakiti, na mchuzi wa chupa ambao hapa Kisumu utauona kwa bahati kwenye duka kubwa moja au mawili. Anayelisoma gazeti akiwa Nyalenda au Mamboleo atafunua ukurasa wa michezo akisema hayo ni ya wenye nazo. Si kweli hata kidogo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma karibu na soko la Kibuye. Natengeneza majiko ya nyama kwa mapipa, kwa hivyo nina maslahi yangu hapa na sifichi. Wateja hunijia na picha kwenye simu wakitaka mtambo kama ule wa Marekani. Nawaambia pipa linatosha: lilaze, likate kwa urefu, tia bawaba, weka bomba la moshi upande mmoja na tundu la hewa upande wa pili. Makaa yakae karibu na tundu, mabawa yakae karibu na bomba, kisha funika. Joto na moshi vitalazimika kupita juu ya nyama kabla ya kutoka. Ukitaka moto upungue, ziba tundu kidogo. Mtambo wote ndio huo.

Ila pipa si pipa tu. Lililobeba dawa ya wadudu au kemikali za kiwandani usiliguse, hata ukipewa bure. Lililokuwa na mafuta ya kupikia ndilo zuri, na hata hilo uliwashie moto mkali wa kuni ndani mpaka rangi ibabuke yote, ulisugue kwa brashi ya waya, ulipake mafuta ya kula na kuliwasha tena. Na wavu wa kuwekea nyama usiwe wa waya uliopakwa zinki, ule wa kuzungushia boma la kuku. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe unaoleta homa. Sisi wa kuchomelea tunaijua homa hiyo: jioni unatetemeka, asubuhi unaamka mzima. Tumia nondo nyembamba zisizopakwa kitu.

Kuhusu kuni, mwandishi alinishangaza zaidi. Hickory ni mti wa Amerika Kaskazini. Sisi tuna mipera na miembe kila boma kuanzia hapa hadi Busia. Matawi yaliyopogolewa, unene wa kifundo cha mkono, yakaushwe kivulini hadi yakatike kwa mlio. Joto litoke kwenye makaa; kuni ni za harufu tu, vipande viwili vitatu kwa zamu. Wala usiviloweke majini kama wengi wanavyofanya, kwa sababu vitatoa mvuke kwanza na kukuchelewesha. Msonobari na saiprasi zina utomvu, zitakupa nyama nyeusi chungu. Mkaratusi nao, ambao kwetu Vihiga umejaa kila mteremko, una mafuta yanayonuka kama dawa ya kikohozi. Mbao za ujenzi zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa ni sumu. Na makaa yasiwashwe kwa mifuko ya plastiki! Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini watu hawakosi kipande cha kuwashia jiko.

Mama mkwe wangu amekausha samaki, mbuta na ngege, kwa moshi huko Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, tangu usichana wake. Yeye haangalii saa wala moto, anaangalia rangi ya moshi. Ukitoka mweupe mzito kama wa takataka mbichi, anaondoa samaki hadi utulie. Ukiwa mwembamba, wa kibuluu, karibu usiuone, anawarudisha. "Moshi ukikutoa machozi na samaki ataonja," husema. Mwandishi wenu hakugusa jambo hili, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake wa ufuoni wanalijua. Samaki wao hukaa bila kuoza kwa sababu moshi na joto vimemkausha kwa saa nyingi. Mabawa ya nyumbani bado yana maji ndani. Yamepata harufu, hayajakauka. Yaliwe siku hiyo hiyo au yaingie friji. Kwa joto la Kisumu, kuyaacha kwenye hotipoti mpaka kesho eti yamepigwa moshi ni kujitafutia maradhi ya tumbo.

Kupika kwenyewe si kazi. Ikate ncha ya bawa uitie kwenye supu, utenganishe vipande viwili vilivyobaki. Futa maji vizuri, paka chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, acha wazi kwenye friji saa kadhaa ngozi ikauke. Moshi wa nyuzijoto 110 hadi 120 za Selsiasi, saa moja na nusu au mbili. Hapo ngozi itakuwa bado inavutika kama mpira, na wengi hukata tamaa. Yahamishe juu ya makaa yenyewe dakika chache, ukigeuzageuza, mpaka ngozi ianze kupasuka. Ndani yafike nyuzi 74 angalau. Mimi huyaacha yafike 80 na zaidi kwa sababu bawa lina kano nyingi. Asiye na kipimajoto auzungushe mfupa: ukilegea na maji yakitoka bila wekundu, yameiva.

Mimi ni Mluhya na kuku wa kienyeji ni heshima kwangu, lakini kwa hili nakubali broila ndiye. Bawa la kienyeji litakutoa jino. Utotoni kwetu firigisi ilikuwa ya mzee na mabawa yalituangukia watoto; siku hizi kwenye hoteli za mjini ukiuliza bei ya sahani ya mabawa utadhani umeagiza kuku na banda lake.

Sasa mchuzi. Mwandishi alisema mabawa ya Buffalo hupikwa kwa moshi na kuliwa na mchuzi huo mweupe. Yale ya Buffalo, jimbo la New York, yanayosemekana kuanza kwenye baa ya Anchor mwaka 1964, hukaangwa kwa mafuta na kuchanganywa na pilipili, kisha huchovywa kwenye mchuzi wa jibini la buluu. Mchuzi mweupe wa kuku wa moshi ni wa jimbo jingine la Marekani, Alabama, wa mchoma nyama Bob Gibson wa mji wa Decatur, tangu 1925: mayonezi, siki na pilipili manga.

Sisi tuna mala, yaani maziwa yaliyochachuka. Mimina nusu lita kwenye kitambaa safi cha pamba, kitundike juu ya bakuli ndani ya friji usiku kucha. Kitakachobaki ni kizito na uchachu wake ni mtamu. (Maji yaliyochuruzika kandia chapati.) Koroga na vijiko viwili vya mayonezi, punje ya kitunguu saumu iliyopondwa, ndimu, chumvi, dhania iliyokatwa ndogo ndogo na pilipili mbichi kwa kadiri ya ujasiri wako. Kiwe baridi, mabawa yawe moto.

Naomba mwandishi wenu airudie mada hii akitaja miti na vyombo vya hapa. Na aanze kwa onyo ambalo hakulitoa: jiko la makaa lisiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye roshani iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na imeua watu waliolala karibu na jiko wakijikinga na baridi.

Fundi wa vyuma,
Kibuye, Kisumu