Malalamiko kuhusu breki, mikanda na maelezo ya kigari cha mtoto nilichonunua kwenu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KIGARI CHA MTOTO KISICHOSHIKA BREKI NA MAELEZO YA MAUZO YASIYOLINGANA NA BIDHAA

Hii ni mara ya tatu kuwafikia kuhusu kigari cha kusukumia mtoto nilichonunua kwenu wiki tisa zilizopita. Mara mbili za mwanzo nilizungumza na wahudumu wenu kwa simu, na mara zote mbili niliahidiwa kwamba fundi angenipigia, hakuna aliyenipigia. Safari hii naandika kwa kirefu na kuambatisha nakala ya risiti, picha na video mbili fupi, kwa sababu jambo lenyewe si la rangi iliyopauka wala mshono uliofumuka. Ni kigari kinachoondoka wakati breki yake imefungwa, na anayeketi ndani yake ni mwanangu mwenye umri wa miezi 20.

Kabla ya kununua sikukurupuka. Nilikwisha kuamua kwamba nataka mikanda ya ncha tano, yaani miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja unaopita katikati ya miguu, kwa kuwa mtoto wa umri huu hataki kukaa kitako na mkanda wa kiunoni peke yake haumzuii kusimama au kuinamia mbele. Nilitaka breki inayofunga magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pedali moja. Nilitaka kiti kinacholala anapopitiwa na usingizi, na uwezo wa kubeba uzito utakaomfikisha umri wa kutembea mwendo mrefu kwa miguu yake. Niliyasoma maelezo yenu ya bidhaa neno kwa neno, nikayakuta hayo yote yameahidiwa, na kwa ahadi hizo nikalipa.

Siku ya kumi na moja nilikuwa kwenye njia yenye mteremko mdogo, wa kiasi ambacho mtu akitembea haufikirii kabisa. Nilisimama, nikakanyaga pedali ya breki hadi ikagota, nikasikia mlio wake wa kawaida, nikaachia mpini ili niokote kiatu cha mwanangu kilichokuwa kimeanguka. Nilipoinua uso kigari kilikuwa kimeshaanza kuondoka. Kilikwenda kama hatua nne kabla sijakidaka, gurudumu la kulia likiwa limefungwa na la kushoto likizunguka, hivyo kikawa kinajipinda kuelekea ukingo wa barabara. Mwanangu alicheka, akidhani ni mchezo. Mimi niliketi chini palepale, mkono ukiwa bado umeng'ang'ania mpini, mpaka miguu iliporudiwa na nguvu.

Tangu siku hiyo nimekichunguza kigari hicho kwa makini, na naomba fundi wenu asome sehemu hii bila haraka. Kila gurudumu la nyuma lina duara la meno upande wa ndani, na breki hufunga kwa pini ya chuma inayoingia kati ya jino na jino. Pedali iko kulia. Pini ya kulia husukumwa moja kwa moja na pedali, ilhali ile ya kushoto huvutwa na waya uliopita ndani ya bomba la ekseli. Kwenye kigari changu waya huo umelegea, kwa hiyo pini ya kushoto mara nyingine huishia njiani. Upande wa kulia nako kuna tatizo la namna yake: pini ikikutana na ncha ya jino badala ya nafasi iliyo kati ya meno, pedali hushuka hadi chini na kutoa mlio uleule, lakini pini inabaki nje mpaka gurudumu lizunguke kidogo.

Niliweka kitini mfuko wa mchanga wa kilo 12 badala ya mtoto, nikafunga breki mara 20 kwenye sakafu tambarare, na kila mara nilijaribu kulisukuma kila gurudumu kwa mkono. Mara 7 gurudumu la kushoto halikufunga. Mara 2 kati ya hizo, la kulia nalo lilikuwa wazi, yaani kigari hakikuwa na breki yoyote. Mara zote 20 pedali ilikuwa chini na alama nyekundu inayoonyesha kwamba breki imefunga ilikuwa inaonekana. Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Breki iliyokufa kabisa mtu huijua, akaacha kuitegemea. Hii humwambia mzazi kwa sauti na kwa rangi kwamba mtoto yuko salama wakati sivyo.

Mhudumu wa kwanza aliniambia kwamba huenda sikukanyaga kwa nguvu ya kutosha, na kwamba nikisha kukanyaga nikitikise kigari mbele na nyuma ili pini iingie. Nakubali kwamba kutikisa kabla ya kuachia mpini ni tabia njema kwa kigari chochote, kama ilivyo tabia njema kukisimamisha kikiwa kimekingama mteremko badala ya kuuelekea, na sasa nafanya yote mawili bila kukumbushwa. Lakini tahadhari hizo huongezwa juu ya breki inayofanya kazi. Kijitabu chenu cha maelekezo kinasema kukanyaga mara moja kunatosha, na bibi, babu au msaidizi atakayekisukuma kigari hiki kesho hatakuwa na habari ya siri ya kukitikisa.

Kuhusu mikanda, idadi ya ncha ni tano kama mlivyoahidi, ila haishiki. Niliikaza mpaka vidole viwili tu vikawa vinapita kati ya mkanda na kifua cha mwanangu, nikamsukuma kwa nusu saa kwenye njia ya kokoto, na tuliposimama ngumi yangu nzima ikapita. Kidude cha plastiki cha kukazia mkanda kina kingo laini mno, na utepe wenyewe ni mwembamba na unateleza, hivyo kila mtikisiko huuachia kidogo. Bega la mtoto likishatoka, mikanda ya ncha tano inageuka kuwa mkanda wa kiunoni, na hapo mtoto anaweza kuinamia mbele mpaka akapinduka na kutoka, au kuserereka chini mpaka utepe ukamfika shingoni. Wiki ya nne nilimkuta mwanangu amesimama juu ya sehemu ya kuwekea miguu, akigeukia nyuma kunitazama, ilhali kifungio cha kati kilikuwa bado kimefungwa. Mhudumu wa pili alinishauri nipige fundo nyuma ya kiti. Fundo hilo linamaanisha kwamba mkanda hautaweza tena kulegezwa wala kukazwa mtoto anapobadilisha nguo nzito kwa nyepesi, na sijui fundi gani wa bidhaa za watoto angekubali jina lake liwekwe chini ya ushauri kama huo.

Mtaona kwamba sijaanza na suala la starehe, ingawa nalo ninalo. Wengi hulichukua kuwa ni anasa, jambo la pili baada ya usalama, nami nilikuwa na mawazo hayo kabla ya kuishi na kigari hiki. Sasa naamini mambo haya mawili hayatengani kwa mtoto wa umri huu. Sehemu ya kuwekea miguu ya kigari chenu iko chini sana, na kimo chake hakibadilishwi, kwa hiyo miguu ya mwanangu inaning'inia na ukingo wa mbele wa kiti unambana nyuma ya magoti. Baada ya dakika 15 huanza kujinyonganyonga, kujisukuma juu na kuvuta mikanda, kwa kuwa mwili wake unatafuta nafuu na hana namna nyingine ya kutueleza. Mtoto aliyekaa vizuri hutazama ndege na magari. Aliyebanwa hutafuta njia ya kutoka. Kigari kinachomfinya na chenye mikanda inayolegea ni kasoro mbili zinazosaidiana.

Kivuli nacho ni kifupi. Kinafunika utosi tu, na jua likiwa upande mmoja humchoma usoni. Nilipolieleza hilo kwenye simu, niliambiwa nitandike blanketi jepesi juu ya kigari chote. Naomba ushauri huo msimpe mzazi mwingine yeyote. Kitambaa kilichofunika kigari kuanzia mpini mpaka miguuni huzuia hewa isipite, joto la ndani hupanda kwa muda mfupi, na mtoto mdogo hupata joto mwilini upesi kuliko mtu mzima. Tena mzazi hamwoni usoni, kwa hiyo hata dalili za kwanza za kuzidiwa zitampita. Suluhisho ni kivuli kinachovutwa hadi mbele, chenye dirisha la wavu, kama ambacho picha zenu za mauzo zinaonekana kukionyesha.

Sasa nije kwenye maelezo ya bidhaa. Tangazo lenu linasema kigari kinamfaa mtoto "hadi miaka 4". Chini ya kiti, mahali ambapo mnunuzi hapaoni mpaka akigeuze, kuna stika inayotaja kikomo cha kilo 15 na kiwango cha EN 1888-1. Kiwango hicho cha Ulaya kiligawanywa sehemu mbili mwaka 2018: sehemu ya kwanza inahusu vigari vya watoto wenye uzito usiozidi kilo 15, na sehemu ya pili inahusu vile vya kubeba zaidi ya kilo 15 hadi kilo 22. Kwa mujibu wa vipimo vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006, uzito wa kati wa watoto wa miaka 4, wawe wa kike au wa kiume, unazidi kilo 16 kidogo. Maana yake ni kwamba watoto wengi watakipita kikomo cha kigari hiki kabla ya kufikia umri mnaoutangaza, na wazazi wao hawatajua, kwa sababu kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni miaka na kilichofichwa chini ya kiti ni kilo. Kikomo cha kilo 15 si aibu kwa kigari. Kama mngekiandika pale pale penye tangazo, ningechagua kingine bila kinyongo.

Kwa haki niseme pia kilicho kizuri. Kigari kinakunjika kwa wepesi, kufuli zake mbili za kukunjia zinashika barabara, na bawaba zimefunikwa vizuri, jambo nililolitazama kwa hofu zaidi kuliko yote siku ya kununua. Nilikuwa na sababu. Novemba 2009 nchini Marekani vigari vipatavyo milioni moja vya kampuni moja viliwekwa chini ya wito wa marekebisho baada ya kuripotiwa watoto 12 waliokatwa ncha za vidole na bawaba wakati kigari kikifunguliwa. Marekebisho yenyewe yalikuwa vifuniko vya bawaba vilivyotolewa bure kwa kila aliyekuwa na kigari hicho. Nalitaja hilo kwa sababu kasoro iliyowafikia watu wengi kiasi hicho ilishughulikiwa kwa kipande kidogo, mara tu ilipokubaliwa hadharani kwamba ipo. Waya mfupi zaidi wa breki na kidude cha mkanda chenye kingo zenye meno navyo ni vipande vidogo.

Kwa hiyo naomba mkichukue kigari hiki na kunirudishia fedha zangu zote, pamoja na gharama ya kukisafirisha. Sitaki kubadilishiwa kwa kingine cha modeli ileile mpaka nione kwa maandishi kwamba breki na mikanda vimerekebishwa. Naomba pia mkague vigari vingine vyenye namba ya toleo iliyo kwenye picha ya tatu, na mkikuta waya umelegea kama wangu, muwajulishe wanunuzi wote na kusimamisha mauzo mpaka vitengenezwe. Ombi hili lina uzito kwangu kuliko la fedha. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwenye kigari, kwenye mteremko mdogo. Mwingine anaweza kuwa mbali zaidi, mahali penye mteremko mkali zaidi. Vilevile naomba tangazo litaje kilo badala ya miaka, na wahudumu wenu wa simu waelekezwe kuacha kushauri mafundo na mablanketi.

Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitaiwasilisha pamoja na viambatisho vyake kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji na usalama wa bidhaa.

Baada ya siku ya kumi na moja niliendelea kukitumia kwa tahadhari kwa wiki mbili, ila tangu nilipomkuta mwanangu amesimama, kigari kimekaa stoo na mtoto nambeba. Sijakifungua nati hata moja wala kubadilisha kitu, ili mkikute kama kilivyotoka kwenu. Fundi atakayekuja kukikagua naomba anijulishe siku moja kabla, na arudie jaribio langu la mara 20, mfuko wa mchanga ukiwa kitini, mbele yangu.

Wenu mwaminifu,

Mzazi na mteja wenu

Viambatisho: nakala ya risiti, picha nne, ikiwamo ya stika iliyo chini ya kiti, video mbili za breki.