Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Tunaomba mstari mmoja kwenye fomu ya nidhamu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, pamoja na heshima zote zinazoistahili ofisi yako.

Sisi ni walimu na washauri wa wanafunzi wenye usonji (kwa Kiingereza, autism). Tulikwisha kukuandikia kwa njia za kawaida, tukajibiwa kwamba barua zetu "zimepokelewa na zinafanyiwa kazi". Wiki hii mwanafunzi mwingine mwenye usonji amesimamishwa masomo kwa sababu kazi ya kikundi iliharibika. Kikundi kilikuwa cha watu watano. Aliyeadhibiwa ni mmoja. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Mheshimiwa, mambo haya yana mtiririko unaojirudia. Kazi hugawanywa kwa mdomo na kwa ishara: nyusi, kicheko, "wewe malizia hapo". Mwenye usonji hushika neno kama lilivyotamkwa. "Hapo" kwake ni hapo, si ukurasa unaofuata. Siku ya kuwasilisha, kazi ina pengo. Wenzake wanne hukutana pembeni dakika tano, wakitoka kauli yao ni moja. Yeye hakuitwa. Mbele ya mwalimu anaulizwa maswali matatu kwa mkupuo, anakaa kimya akiyachambua, na kimya hicho kinaandikwa "hana la kujibu". Anatazama sakafu: "dalili ya hatia". Kisha anakiri kile kidogo alichokosea, maana ameulizwa na ni kweli, ilhali wenzake hawajakiri lolote. Shauri limekwisha. Msema kweli ndiye mkosaji.

Kukwepa macho si ushahidi wa uongo. Utafiti wa mwanasaikolojia Noah Sasson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa watu wasio na usonji huwapima vibaya wenye usonji kwa kuwaona au kuwasikia kwa muda mfupi tu. Walipopewa maneno yale yale kwa maandishi, bila sura wala sauti, tofauti ile ilitoweka. Tunakuomba uirudie sentensi hiyo, maana dawa imo humo na haigharimu kitu: kalamu na karatasi.

Ipo namna ya pili ya kumfanya mwenye usonji mkosaji, mbaya zaidi. Kiti chake kinapigwa teke kidogo kidogo, kalamu inagongwa mezani, jina la utani linanong'onwa mwalimu akigeukia ubao. (Wanafunzi wanajua pa kuchokonoa kuliko sisi wenye vyeti.) Baada ya nusu saa ya hayo, anapiga kelele au anasukuma meza. Hicho ndicho pekee mwalimu anachokiona, na ndicho pekee fomu inachokiuliza: kosa gani, saa ngapi, adhabu gani. Kilichotangulia hakina pa kuandikwa.

Kwa nini walimu wanakubali? Tunadhani ni uchovu. Kumwadhibu mmoja ni dakika kumi, kuwachunguza watano ni siku nzima. Tena kikundi kikishapata wa kumtwisha lawama hutulia, na utulivu huo unachukuliwa kuwa uthibitisho kwamba mkosaji kapatikana. Kazi nyingine ikiharibika, jina ni lile lile. Likiandikwa mara ya tatu, linaitwa "tabia yake".

Tarehe 2 Aprili, Siku ya Uelewa kuhusu Usonji Duniani, uliahidi mwongozo. Tulipiga makofi. Picha zilitoka vizuri, na buluu, rangi ya siku hiyo, inakupendeza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unataka mwanafunzi afanyiwe marekebisho stahiki kulingana na mahitaji yake. Je, karatasi ni marekebisho makubwa mno?

Majukumu ya kikundi yaandikwe siku ya kwanza: nani, nini, lini, na kila mmoja apewe nakala. Jambo likiharibika, kila mwanakikundi aandike maelezo yake peke yake, siku hiyo hiyo, kabla hawajakutana. Mwenye usonji aulizwe swali moja, kisha asubiriwe. Mwalimu asilirudie kwa maneno mengine akidhani anasaidia. Kwa mwanafunzi huyu hilo ni swali jipya, naye anaanza kulichambua upya. Na msamaha usidaiwe kabla ya uchunguzi, kwani atauomba ili kikao kiishe, kisha msamaha huo utawekwa kwenye jalada kama ungamo.

Kama hayo yote bado "yanafanyiwa kazi", basi tunaomba moja tu. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu ya nidhamu, juu ya nafasi ya adhabu: "Nini kilitokea katika saa moja kabla ya tukio, na nani walikuwepo?" Ukiachwa wazi, adhabu isitolewe.

Fomu za muhula ujao bado hazijachapishwa, Mheshimiwa. Mstari mmoja.

Wako kwa heshima,
Walimu na washauri wa wanafunzi wenye usonji