Nimwachie nani karakana: binti yangu au fundi wangu?

Mshauri mpendwa,

Nina umri wa miaka 64, na tangu mwaka wa 1994 naendesha karakana ya kukereza vyuma Kariobangi Light Industries, ambako tunatengeneza mashine za posho na vipuri vyake. Nimeajiri mafundi watano, sidaiwi na benki, na wateja hunijia hata kutoka Kitui, kwa hiyo shida yangu si ukosefu wa kazi.

Mwaka jana nililazwa siku 11 kwa ajili ya upasuaji. Leseni ya kaunti, akaunti ya benki na till ya M-Pesa vyote ni kwa jina langu, maana niliandikisha jina la biashara tu, wala si kampuni. Wateja walilipa, fedha zikakaa kwenye till, na Jumamosi ilipofika mafundi wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Kitandani nilimkumbuka jirani yangu wa karakana aliyefariki bila wosia. Familia yake iliomba mahakamani usimamizi wa mirathi, tangazo likatolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kabla siku 30 za pingamizi hazijaisha ndugu wakapinga. Kwa kuwa Sheria ya Urithi inamtia hatiani anayeingilia mali ya marehemu bila idhini, hakuna aliyethubutu kuuza hata kipande cha chuma; mashine zikaota kutu na mafundi wakatawanyika.

Mwanangu wa kiume yuko Doha na amesema wazi kwamba hataki kazi ya grisi. Binti yangu hunifungia hesabu kila mwisho wa mwezi, tena kwa uaminifu, lakini chuma hakijui. Anayekijua ni fundi wangu mkuu, aliyekuja mwaka wa 2005 kama mfagiaji. Leo mteja akimsikilizisha mashine kwa simu, hutambua kwamba beringi imekwisha. Daftari langu jeusi la bei na madeni limejaa alama zisizosomwa na mtu ila mimi na yeye.

Nafikiria kuunda kampuni, kwani Sheria ya Makampuni ya 2015 inaniruhusu kuanza nikiwa mwanahisa pekee, kisha nimpe binti yangu hisa nyingi na fundi robo. Mwanangu anasema huko ni kugawia mtu wa nje jasho la familia. Mke wangu huona kuyazungumza haya ni uchuro. Fundi mwenyewe hajaniuliza neno, na kimya chake ndicho kinachonikosesha usingizi, kwa sababu nasikia ana wateja wake wa Jumapili.

Je, hisa hizo nimpe bure kwa miaka aliyonitumikia, au azilipie kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake? Akiamua kuondoka, zitarudije kwa binti yangu? Na je, nianze kuzungumza na yeye au na watoto?

Mzee wa Karakana,
Nairobi